Kisa cha kweli jukwaani na kwenye skrini: jina halisi, mhusika wa kubuni au ushuhuda wa wenyewe?

Una kisa mkononi. Kilitokea kweli, wapo wanaokikumbuka, na kila ukikisimulia mtu anakwambia, "Hiyo ni filamu kabisa." Kisha unakaa kuandika na kalamu inagoma, kwa sababu kabla ya ukurasa wa kwanza kuna uamuzi ambao hujaufanya. Je, mtu wa kwenye mchezo atakuwa yule yule aliyeishi, kwa jina lake? Au atakuwa mtu wa kubuni anayepita katika tukio la kweli? Au utawaacha wenyewe waseme, kwa maneno yao?

Hizo ndizo njia tatu kubwa za kugeuza kisa cha kweli kuwa igizo. Kila moja imezaa kazi nzuri, na kila moja imewahi kuwaumiza watu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya aliyekwama hapo katikati: mwandishi wa skripti, kiongozi wa kikundi cha maigizo, mwalimu mwenye wanafunzi na ukumbi lakini hana bajeti.

Mifano yangu mikuu ni miwili. Wa kwanza ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, kwa sababu tukio hilo limepita katika njia zote tatu na matokeo yake tumeyaona. Wa pili ni kuzama kwa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Huo nitautumia kama zoezi: tuchukue dakika moja ya siku ile tuiandike mara tatu, tuone kila njia inatupa nini na inatunyang'anya nini.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Kwanza, uhuru wa mwandishi: unaruhusiwa kubadili nini ili igizo lisimame? Pili, wenye kisa: walionusurika, wafiwa, watuhumiwa, majirani, watu ambao wataamka kesho yake na kuendelea kuishi na ulichoandika. Tatu, gharama na vibali, jukwaani na kwenye skrini. Nne, mtazamaji anatoka ukumbini akiamini nini.

Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vingine. Mchezo mbovu husahaulika baada ya wiki mbili. Jina la mtu lililochafuliwa halisahauliki, hasa mtaani kwake.

Njia ya kwanza: mtu halisi, kwa jina lake

*Uhuru wa mwandishi.* Ni mdogo kuliko unavyotegemea, ila unapata kitu ambacho ni kazi ngumu kukibuni: umbo la kisa. Kimani Maruge wa Kenya alikuwa mzee wa miaka 84, mpigania uhuru wa zamani, alipojiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi. Hapo mwandishi ana mwanzo tayari, ana mvutano tayari, ana sura ambayo mtazamaji haisahau: mzee aliyevaa soksi za shule katikati ya watoto wa miaka sita. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki.

Tatizo ni kwamba maisha hayana adabu ya kuisha pale skripti inapoisha. Filamu ya *Hotel Rwanda* ya mwaka 2004 ilimweka Paul Rusesabagina, aliyesimamia Hôtel des Mille Collines jijini Kigali wakati zaidi ya watu 1,200 walipokimbilia humo, kuwa shujaa mbele ya dunia nzima. Baadaye baadhi ya walionusurika humo walijitokeza hadharani kusema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Yeye alikanusha madai yao. Akawa mpinzani wa serikali ya Rwanda, mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi katika kesi iliyolalamikiwa sana nje ya nchi, na mwaka 2023 akaachiliwa. Leo huwezi kuitazama filamu ile bila yote hayo kuingia nayo chumbani. Mwandishi alifunga kisa mwaka 2004. Mtu aliendelea kuishi.

Jina halisi halimlazimishi mtunzi kufuata kumbukumbu mstari kwa mstari. Ebrahim Hussein, katika *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alitumia jina la kiongozi wa Maji Maji lakini akatamka wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Yule wa jukwaani anaishi hadi kushuhudia watu wake wakishindwa, kwa sababu mtunzi alihitaji kumwona akibeba mzigo wa neno lake mwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo nao walikwenda hadi Karunaini, alikotoka Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya, wakazungumza na watu wa huko, kisha katika mchezo wao wa mwaka 1976 wakakataa kuirudia kesi ya Nyeri kama mahakama ya kikoloni ilivyoiendesha. Waliubadili ukweli wa faili ili wafikie ukweli mwingine, na hawakumficha msomaji.

Lakini angalia vizuri: Kinjeketile alikuwa na zaidi ya miaka 60 kaburini. Kimathi, aliyenyongwa Februari 1957, alikuwa na takriban miaka 20, na watu waliomfahamu walikuwa hai, ndiyo maana watunzi walianza kwa kwenda kuwasikiliza. Uhuru wa kubadili hukua kadiri muda unavyopita na wenye kumbukumbu wanavyopungua. Ukiwa na kisa cha mwaka juzi, usijipe uhuru wa Ebrahim Hussein.

*Wenye kisa.* Hapa ndipo njia hii inapodai jasho. Unahitaji ruhusa, na ruhusa ya mdomo sebuleni wakati wa chai haitoshi. Andikeni: ni kwa ajili ya jukwaa tu au na filamu pia, kwa muda gani, nani atausoma mswada kabla ya mazoezi, na kama kuna malipo yanagawanywaje. Familia hazina msemaji mmoja. Mjane anaweza kukubali, kaka wa marehemu akasimama siku ya onyesho la kwanza na kusema hakuulizwa. Zungumza na wote mapema, hata yule unayeambiwa ana maneno mengi. Mara nyingi huyo ndiye mwenye sehemu ya kisa ambayo wengine hawaisemi.

Usijidanganye pia kwamba marehemu hana wenyewe. Na kama umepata kisa kupitia kitabu au makala, tofautisha vitu viwili: tukio lenyewe halina mmiliki, lakini namna mwandishi yule alivyolisimulia ni mali yake, na lazima umwombe.

*Gharama na vibali.* Kwenye skrini, jina halisi ni ghali. Watu wana picha za mtu huyo, kwa hiyo mavazi, magari, nyumba na hata mkato wa nywele vitalinganishwa. Jukwaa linasamehe zaidi. Kimathi anatambulika kwa nywele na minyororo mikononi. Hakuna anayeuliza kama kiti cha hakimu ni cha mwaka 1956. Kuhusu vibali, Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na filamu hupitia Bodi ya Filamu. Kenya ina sheria yake ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, na bodi yake ya kuainisha filamu, KFCB. Uwe tayari na nyaraka: hukumu, magazeti, barua za ruhusa. Hukumu nyingi za mahakama zinasomeka bure mtandaoni kupitia TanzLII na Kenya Law, na ni hazina ambayo waandishi wengi wa skripti hawaifungui.

*Mtazamaji anaamini nini.* Anaamini kila kitu. Andika mwanzoni kwamba baadhi ya matukio yamebuniwa. Baada ya dakika kumi ameshasahau. Maneno uliyoyatunga usiku mezani kwako yatanukuliwa shuleni kama maneno ya marehemu. Ndiyo nguvu ya njia hii, na ndiyo sababu ya kuiogopa kidogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kisa cha mtu mmoja ambaye maisha yake yana umbo, ambaye nyaraka zake zipo, na ambaye yeye au familia yake wako tayari kukaa mezani. Haimfai mwenye haraka.

Njia ya pili: wahusika wa kubuni ndani ya tukio halisi

*Uhuru wa mwandishi.* Mkubwa. Raoul Peck, mwongozaji kutoka Haiti, alipotengeneza *Sometimes in April* (2005), tarehe, redio, vizuizi vya barabarani na kesi za Arusha alivibakiza vya kweli, lakini familia iliyoko katikati ni ya kubuni. Kaka mmoja ni askari wa jeshi la serikali mwenye mke Mtutsi. Mwingine ni mtangazaji wa redio RTLM, ile iliyochochea mauaji. Miaka kumi baadaye wanakutana Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, mmoja akiwa mshtakiwa. Hakuna familia moja halisi ambayo ingempa mwandishi pande zote hizo kwa wakati mmoja. Kwa kubuni, aliweza kuuliza swali ambalo filamu ya shujaa haiwezi kuliuliza: unafanya nini na ndugu yako wa tumbo moja ambaye sauti yake iliua?

*Wenye kisa.* Wengi hukimbilia njia hii wakidhani inawaepusha na maswali ya ruhusa. Haiwaepushi. Jina likibadilika lakini duka likabaki kwenye kona ile ile, mke wa pili akabaki yule yule, na kilema cha mguu kikabaki upande ule ule, hujamficha mtu. Umemnyima tu nafasi ya kujitetea kwa jina lake. Katika miji yetu ambako kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, ni lazima uchanganye kweli: kazi ya huyu, nyumba ya yule, uamuzi wa mtu wa tatu.

Upande wa pili wa shilingi, kubuni kunaweza kumfuta mtu aliyestahili kukumbukwa. Filamu ya *Shooting Dogs* (2005) inahusu shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, ambako zaidi ya watu 2,000 waliachwa mikononi mwa wauaji wakati askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walipoondoka tarehe 11 Aprili 1994. Ilipigwa pale pale palipotokea, na baadhi ya walionusurika walifanya kazi katika utengenezaji wake. Hilo naliheshimu sana. Lakini padri wa kwenye filamu ni Mwingereza wa kubuni, wakati aliyetoa mfano wake ni Vjekoslav Ćurić, Mkroati wa Bosnia, aliyebaki Rwanda na kuuawa Kigali mwaka 1998. Mtazamaji anatoka akimlilia padri ambaye hakuwahi kuwepo. Kwangu hiyo ni hasara, hata kama naelewa kwa nini wafadhili wa Uingereza walimwelewa Mwingereza kwa urahisi zaidi.

*Gharama na vibali.* Unaweza kuunganisha maofisa kumi kuwa mmoja, na waigizaji kumi kuwa mmoja. Jukwaani hiyo ni nafuu kubwa. Kwenye skrini tukio lenyewe bado ni lile lile: kama ni meli, utahitaji maji. Mswada utapita mikono ile ile ya wenye vibali, ingawa maswali juu ya kashfa hupungua.

*Mtazamaji anaamini nini.* Anaamini kwamba mambo kama haya yalitokea, bila kuamini kwamba huyu hasa alisema hivi hasa. Ni imani ya kiasi, na mara nyingi ndiyo inayofaa. Unachopoteza ni uzito wa kumwambia, "Huyu alikuwepo."

*Inamfaa nani.* Mwenye tukio kubwa lenye watu wengi, mwenye kisa ambacho wahusika wake bado wako hai na hawaelewani, na yeyote anayetaka kuingia ndani ya kichwa cha mkosaji. Juu ya huyo wa mwisho nina msimamo: kumwandika muuaji kutoka ndani, kwa jina lake halisi, jirani na nyumba za wafiwa, ni jambo ambalo sijaona likifanywa vizuri.

Njia ya tatu: ushuhuda

Hapa huandiki mazungumzo. Unakusanya maneno ya watu, unayapanga, na waigizaji (au wenyewe) wanayasema yalivyo.

*Uhuru wa mwandishi.* Uko kwenye mkasi tu. Unakata, unapanga, unaamua nani afuate nani. Huongezi neno. Kikundi cha Tectonic Theater Project cha Marekani kilifanya hivyo Laramie, Wyoming, baada ya kijana Matthew Shepard kuuawa mwaka 1998: mahojiano zaidi ya 200, kisha mchezo mmoja, waigizaji wachache wakibadilishana kuwa mji mzima.

Kwa Kiswahili njia hii ina utamu wake, kwa sababu watu wetu husimulia kwa sauti. Zile "basi bwana", "yaani", "sasa hapo ndo...", kurudia neno mara tatu, kunyamaza kabla ya jina la marehemu: vyote hivyo vibakize. Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kusafisha. Mvuvi wa Ukerewe anapewa Kiswahili cha taarifa ya habari, na papo hapo kisa kinakufa. Akiingiza Kikerewe au Kihaya katikati, kiache. Wanaoelewa wataelewa, na wengine watasikia tu kwamba pale Kiswahili hakikumtosha.

*Wenye kisa.* Wako karibu zaidi kuliko katika njia nyingine yoyote, na hilo ni baraka na hatari. Kikundi cha Groupov cha Liège, Ubelgiji, kilipotengeneza *Rwanda 94*, mchezo wa zaidi ya saa tano, kilimweka mwanzoni Yolande Mukagasana, muuguzi aliyepoteza mume na watoto wake watatu. Anakaa kwenye kiti, peke yake, anatamka kwamba yeye si mwigizaji, kisha anasimulia. Hakuna mbwembwe. Aprili 2004, katika kumbukumbu ya miaka kumi, mchezo huo ulipelekwa Rwanda kwenyewe.

Lakini fikiria maana ya kusimulia jambo hilo usiku baada ya usiku. Mukagasana alichagua mwenyewe na alikwisha andika juu yake. Mama unayemrekodi wewe huenda hajawahi kulisema hata kwa dada yake. Kwa hiyo ruhusa iwe ya awamu mbili: moja kabla ya kuwasha kinasa sauti, nyingine baada ya kumsomea kile utakachokitumia, akiwa na haki ya kukifuta. Wapo wanaokataa katika awamu ya pili. Kubali. Njia moja ya kumpunguzia mtu mzigo ni kumpa mwingine maneno yake: mchezo wa Afrika Kusini wa mwaka 1997, *Ubu and the Truth Commission*, uliwapa vikaragosi vya mbao maneno ya mashahidi wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, huku mkalimani akitafsiri kutoka ndani ya kibanda cha kioo. Kikaragosi hakiigizi kilio. Mtazamaji anabaki na maneno tu.

*Gharama na vibali.* Vifaa ni bei rahisi kuliko kote: simu yenye kinasa sauti, viti, taa. Muda ndio ghali. Saa moja ya mazungumzo inakula siku nzima ya kuandika neno kwa neno, na ukikusanya saa hamsini utapata mchezo wa saa moja na nusu. Kumbuka pia kwamba sauti na maelezo ya mtu ni taarifa zake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Usizihifadhi rekodi kwenye simu inayoazimwa na kikundi kizima.

Kwenye skrini njia hii hugeuka haraka kuwa filamu ya makala. Si vibaya, ila ni kazi nyingine. Nyumbani kwake ni jukwaani, mtu na mtu, chumba kimoja.

*Mtazamaji anaamini nini.* Anaamini sauti. Anachosahau ni mkasi wako: kwamba uliowaacha nje nao walikuwa na la kusema.

*Inamfaa nani.* Kikundi kidogo kilicho karibu na jamii ya tukio na chenye subira. Walimu pia: mwanafunzi anayekaa na bibi yake na kinasa sauti hujifunza kusikiliza kabla hajajifunza kuandika.

Dakika moja, kurasa tatu

MV Bukoba ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Mamia walikufa, wengi wakazikwa Igoma. Katika uokoaji, bati la meli lilitobolewa ili kuwafikia walionaswa ndani. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, na meli ikazama. Tuiandike dakika hiyo.

Kwa njia ya kwanza, unamwandika mtu aliyetoa amri, kwa jina. Lazima ujue alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani, na alikuwa ameshauriwa nini. Tume ya uchunguzi iliundwa, na pale kumbukumbu zinaposema, una tukio zito sana: mtu mwenye nia ya kuokoa, mbele ya umati unaopiga kelele afanye kitu. Pale zinaponyamaza, kila neno unalomwekea mdomoni ni tuhuma yako wewe, na watoto wake watalisikia.

Kwa njia ya pili, unabuni fundi wa kuchomelea, tumwite Sospeter, aliyetolewa karakana moja ya Mwanza na mitungi yake ya gesi. Anajua chuma, hajui meli. Anapiga goti juu ya tumbo la meli, anaweka kiganja, na chini ya kiganja kuna mtu anagonga. Anamwangalia bosi. Bosi anatikisa kichwa, na Sospeter hajui kama ile ni ndiyo au hapana. Anawasha. Sasa igizo lako linaweza kumfuata miaka 20 mbele, mtu anayewataka wageni waite jina lake nje kwa sababu hawezi kuvumilia mlango ukigongwa. Hakuna familia uliyoishtaki. Lakini mfiwa mmoja ukumbini anaweza kuuliza kwa haki kabisa: mbona mnamlilia fundi, na waliokuwa ndani je?

Kwa njia ya tatu, kuna mama kwenye kiti. Maneno haya nimeyatunga kwa ajili ya mfano tu, yasichukuliwe kuwa ya mtu: "Tuko juu ya tumbo la meli, sijui watu wangapi. Mimi nikavua viatu. Kwa nini nilivua viatu sijui. Basi, chini wanagonga. Wanagonga, wananyamaza, wanagonga. Halafu ikaja ile mashine. Nikasema, haya, sasa wanatoka." Hapo hakuna aliyetoa amri, kwa sababu shahidi hakumwona. Huwezi kumwongeza. Lakini yale "sasa wanatoka" hayahitaji maelezo ya mtu yeyote.

Kwa hali yako

Kama kisa ni cha zamani, kizazi kilichokiona kimeondoka, na jina ni la taifa au la ukoo mkubwa, njia ya kwanza iko wazi, jukwaani au kwenye skrini. Chukua uhuru, ila uutangaze kwenye utangulizi na kwenye bango.

Kama mhusika mkuu yu hai na anakutaka uandike, ifikirie njia ya kwanza kwa makini zaidi, si kwa furaha zaidi. Anayependa kisa chake kiandikwe ana sababu. Tafuta watu watatu waliokuwepo na wasiompenda, uwasikilize kabla hujaandika ukurasa.

Kama tukio limegawa jamii, kuna kesi inayoendelea, au mkosaji na mfiwa wanachota maji bomba moja, nenda njia ya pili, na usogeze mahali na wakati.

Kama watu wanasema, "Hakuna aliyewahi kutuuliza," njia ya tatu ndiyo inayowajibu. Anza na watu wachache. Fanya onyesho la kwanza mbele yao peke yao, kabla ya tiketi, kabla ya waandishi wa habari.

Kama una fedha kidogo na ndoto ya filamu, andika kwa jukwaa kwanza. Meli jukwaani ni mabenchi yaliyopinduliwa na waigizaji wanaogonga kwa visigino. Mchezo ukisimama mbele ya watu unakuwa na kitu cha kumwonyesha mfadhili, na pia umeshajua ni sehemu gani ya kisa inayowanyamazisha watu, ambayo mara nyingi si ile uliyodhani.

Kuchanganya njia kunawezekana. Ushuhuda unaweza kufungua mchezo wa wahusika wa kubuni, na *Rwanda 94* yenyewe ina sehemu za kuigizwa baada ya Mukagasana kumaliza. Mtazamaji ajue tu wakati gani anasikia nini: badilisha taa, badilisha mahali pa kukaa, mtaje anayesema.

Na kama wenye kisa wamesema hapana? Hapo njia ya kwanza na ya tatu zimefungwa. Ya pili inabaki wazi kwa sharti moja: uandike kwa yale yaliyoko hadharani, hukumu, magazeti, kumbukumbu za Bunge. Uliyoyasikia sebuleni kwao kabla hawajakataa yabaki sebuleni kwao, hata kama ndiyo yaliyokufanya uutamani mchezo huu tangu mwanzo.